Sakana na Takana

Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi jioni, gari la Mzee Tokunaga lilipanda kilima cha mtaa wetu likipiga wimbo wake ule ule kwenye kipaza sauti kibovu. Hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, nikisikia kipaza sauti kinachokwaruza nageuka kutafuta beseni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu nikitoka shule: kuchukua beseni la plastiki la kijani, kushuka ngazi na kununua samaki. Tuliishi chini ya mlima Aso, mbali na bahari, na bila mzee huyo samaki tungewaona vitabuni tu.

Gari lake lilikuwa na pande mbili. Kulia alipanga samaki juu ya barafu. Kushoto kulikuwa na mapipa ya majani ya haradali yaliyolowekwa kwenye chumvi, ambayo hapakuwa na nyumba kwetu isiyoyala. Samaki tuliwaita sakana, na majani hayo takana. Tofauti ya maneno hayo ni herufi moja, na herufi hiyo mimi sikuwa nayo.

Kila S kinywani mwangu iligeuka T. Nilipotaja jina langu, Sasaki Sayo, lilitoka "Tataki Tayo". Kwa bahati mbaya, tataki ni chakula: samaki aliyebabuliwa motoni kidogo, akakatwa vipande na kuliwa na tangawizi. Basi darasa la tatu walinifanya kitoweo.

"We Tataki, leo tangawizi umeisahau nyumbani?" Kazumi, aliyekaa nyuma yangu, aliniuliza karibu kila asubuhi, na wenzake wakacheka.

Nilivumilia mpaka siku moja ya Desemba. Baba, aliyefanya kazi ya ujenzi Osaka, alikuwa anarudi kwa mapumziko ya mwaka mpya. Mama akanipa beseni. "Baba yako yuko njiani. Kachukue sakana, yule mnono kabisa. Kimbia!"

Nilikimbia. Nikasimama kwenye foleni, na zamu yangu ilipofika nikasahau kumwonyesha samaki kwa kidole kama kawaida yangu, nikasema tu, "Naomba takana, Mzee Tokunaga."

"Takana? Umefika wakati wake, mjukuu wangu, imeiva hiyo!" Akajaza beseni majani mpaka juu. Nyuma yangu kulikuwa na akina mama sita wakingoja. Nikaona aibu kumrekebisha, nikaondoka.

Baba alipofunua beseni alicheka mpaka machozi. Bibi akacheka, na mama naye akashindwa kujizuia. Nami nilicheka. Kisha nikaingia kwenye kabati la kuhifadhia magodoro, nikajifungia humo na kulia peke yangu. Hawakunicheka kwa ubaya, najua, lakini kicheko chao kiliniuma moyoni na nakumbuka maumivu yake mpaka leo.

Tangu siku hiyo sikufungua mdomo mbele ya gari lile. Nilimwonyesha mzee karatasi, kisha nikaitia mfukoni. Wiki mbili baadaye mama alikuwa akifua koti langu, akazikuta mfukoni karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono wangu: "Sakana mmoja, tafadhali." Alikaa chini kando ya mashine ya kufulia, akazisoma moja moja kana kwamba hazifanani.

"Ulimi wake umefungwa na uzi wa nyama chini yake," Bibi alisema. "Uzi huo ukatwe tu, yaishe."

"Mama, ngoja kwanza tuwaulize wanaojua," mama akamjibu.

Wanaojua walikuwa mji wa jirani, kwenye shule moja ya msingi, chumba cha mwisho kwenye korido. Mlangoni paliandikwa "Darasa la Maneno". Januari ile tulianza kwenda huko kwa treni kila Alhamisi. Mwalimu wake aliitwa Ogata, mama mfupi mwenye sauti ya chini, na kila mfuko wa koti lake ulikuwa na mirija ya kunywea soda.

Siku ya kwanza hakunifundisha kitu. Alinivalisha vipokea sauti, nikanyoosha mkono kila niliposikia mlio. Akanionyesha picha nizitaje. Akanikalisha mbele ya kioo, tukatoleana ndimi. Kisha akamgeukia mama.

"Masikio mazima. Ulimi mzima. Hakuna uzi wa kukata."

Mama akashusha pumzi. "Asante, Mwalimu. Sasa ni wiki ngapi? Maua ya mcheri yakichanua mwisho wa Machi atakuwa amepona?"

"Nikikutajia wiki nitakuwa nakudanganya, Mama Sayo. Wengine miezi sita, wengine mwaka. Kwanza atajifunza kuisikia S, kisha kuitoa peke yake, halafu kwenye neno, halafu kwenye sentensi. Kuongea bila kuifikiria ndiko huja mwisho. Na zipo siku atarudi nyuma, usishtuke."

"Kumbe kazi!"

"Tena kubwa ni yenu. Mimi namwona mara moja kwa wiki, wewe unaye kila siku. Dakika kumi tu, mkiwa mmetulia. Na mezani msimkatize. Akisema 'takana' akimaanisha sakana, wewe mwitikie, 'Ee, sakana mtamu,' umpe ale."

Mama aliyaandika yote nyuma ya karatasi iliyofungia keki aliyomletea mwalimu kama zawadi.

Mazoezi yenyewe yalikuwa kama mchezo. Niliweka mrija katikati ya ulimi, nikapuliza taratibu mpaka kipande cha karatasi laini kitikisike mbele yangu: sss, sss. Tulipewa daftari lenye visanduku, kimoja kwa kila siku. Tukimaliza mazoezi, mama alipiga muhuri wa jina letu, ule mdogo wa wino mwekundu ambao kila nyumba kwetu huutumia badala ya sahihi, uliokaa kwenye droo chini ya simu. Jioni zile za baridi nazikumbuka kwa raha. Mama alipuliza, mimi nikapuliza, na siku moja Bibi naye akapuliza kwa nguvu mpaka meno yake ya bandia yakaruka yakatua kwenye supu.

Machi ikaja na msimu wa kuvuna takana. Majani hayo huvunjwa kwa mkono yakiwa bado laini, na yakikomaa hayafai tena, kwa hiyo mama alishinda shambani toka alfajiri. Alirudi mgongo umekufa ganzi na vidole vimegeuka kijani.

"Leo fanya mwenyewe kwenye kioo, mwanangu," aliniambia. "Ukimaliza, piga muhuri. Unajua ulipo."

Siku ya kwanza nilifanya kweli. Ya pili nilifanya nusu. Ya tatu nilipiga muhuri tu, nikaenda kutazama katuni. Wiki ya tatu nikaona hata kufungua droo kila siku ni usumbufu, nikapiga mihuri ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja.

Alhamisi iliyofuata mama, ambaye mwezi ule alimwachia Bibi kazi ya kunipeleka, aliomba ruhusa shambani ili aje kuona maendeleo yangu. Mwalimu Ogata akanionyesha picha ya samaki.

"Takana," nikasema.

Mama akasimama. "Mwalimu, miezi mitatu! Kila Alhamisi treni, kila siku mazoezi, na muhuri huo hapo, tazama mwenyewe. Bado ni takana! Labda mwanangu hawezi. Labda tusizidi kumtesa, tuache."

Nikinyamaza, darasa lingeishia pale, nami ningebaki Tataki maisha yangu yote, tena mama akiamini kwamba siwezi. Nikisema, angejua nilichofanya.

Mwalimu Ogata alifungua daftari polepole. Kidole chake kilipita Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kikafika Alhamisi, siku ile ile. Kisha kikaendelea. Ijumaa ilikuwa na muhuri. Jumamosi ilikuwa na muhuri. Jumapili pia. Alinitazama, akafunga daftari.

"Sayo, una lolote la kutuambia?" akauliza kwa sauti yake ile ya chini.

Nikashika ukingo wa meza. "Tikufanya mazoezi, Mama. Mihuri nimepiga mwenyewe. Hata ya Jumamoti. Tamahani tana."

Niliuona mdomo wa mama ukifunguka kurekebisha zile T zangu, maana mazoea yana taabu. Mwalimu akaweka mkono juu ya mkono wake. "Leo tusikie alichosema, Mama Sayo. Alivyokisema tutashughulika nacho baadaye."

Mama akakaa. Alitazama vidole vyake vya kijani. "Muhuri nilimpa mimi," akasema, kisha akainama mpaka paji la uso likakaribia meza. "Utusamehe, Mwalimu."

"Simlaumu mtu. Msimu wa takana naujua, mama yangu alikuwa mvunaji. Ila siku msiyofanya, acheni kisanduku wazi. Kisanduku wazi kinanisaidia, najua niende taratibu. Muhuri wa uongo unanifanya nimfundishe mtoto ambaye hayupo."

Kwenye treni ya kurudi mama hakunigombeza. Alifikiri vituo viwili vizima, kisha akasema, "Jioni nachoka. Asubuhi je, ninapokusuka nywele? Kioo si kipo pale pale?"

Ikawa hivyo. Kila asubuhi alinisuka huku mimi nikitoa sa, su, se, so mbele ya kioo, naye nyuma yangu akitoa vile vile na chanuo mdomoni. Siku tulizochelewa kuamka kisanduku kilibaki wazi. Mei, S ikatoka peke yake. Juni ikaingia kwenye maneno. Nikapata mafua ikapotea wiki nzima, nikalia, mama akanikumbusha kwamba mwalimu alituonya. Julai ikarudi.

Agosti, kwenye sikukuu ya kuwakumbuka wafu, baba alirudi tena. "Osaka kuna kila kitu, lakini takana hawaijui," akasema. "Leo nataka takana tu, ikaangwe na wali."

Nikachukua beseni. Siku hiyo sikuandika karatasi. Kazumi alikuwepo kwenye foleni na mama yake.

"Naomba takana, Mzee Tokunaga."

Mzee akanikonyeza. "Usihofu, mjukuu wangu, mimi nakujua. Sakana!" Akatumbukiza samaki mkubwa kwenye beseni langu.

Foleni nzima ikawa inanitazama. Nikakumbuka mrija. Ulimi chini, upepo katikati.

"Siyo sakana," nikasema. "Takana."

Mzee aliganda, bado ameshika mkia wa samaki ndani ya beseni. "Umesemaje?"

"Siyo sakana, Mzee Tokunaga. Naomba takana."

Basi mzee yule akaingia ndani ya gari, akazima wimbo, akakamata kipaza sauti na kuutangazia mtaa mzima: "Sasaki Sayo hataki sakana! Anataka takana!" Akanijazia majani, na samaki yule akakataa kumrudisha garini, akaniachia bure. Kazumi alinitazama, kisha akasema, "Sasaki, beseni lako linamwaga maji." Hakuniita tena jina lile.

Nyumbani walikuwa wamesikia kila kitu. Baba alisimama mlangoni, na safari hii hakucheka, alinibeba mimi na beseni langu kwa pamoja. Mama akaleta daftari, akalifungua mezani mbele yangu, ukurasa wa Machi na ukurasa wa Julai.

"Tazama, Sayo," akasema. "Machi imejaa mihuri, haina pengo hata moja, na haikutuletea chochote. Julai ina mapengo manane, na ndiyo iliyoturudishia S. Ukifanya, sema umefanya. Usipofanya, sema hukufanya, kesho tutaanza tena. Hilo hata mimi nimejifunza kwako."

Kisha akafungua droo chini ya simu na kunikabidhi muhuri. Asubuhi ile tulikuwa tumefanya mazoezi, dakika kumi kamili. Nikapiga wa siku hiyo, mmoja tu.