Yai Lenye Jina la Somoe

Soko la Mtwara Jumamosi ile ya mwaka 1973 lilikuwa limefurika watu, na katikati ya msukumano alisimama kijana mrefu, suruali yake ya bugaluu ikifagia vumbi, ameinua yai kulielekeza kwenye jua. Watu walimkwepa kama mtu anayeongea peke yake njiani.

"Kaka, mbona unalipeleleza yai langu?" mwuzaji akamwuliza.

"Nataka kujua kama kuku wako ana mume."

Kina mama wa mihogo wakaangua kicheko. Mwuzaji akaitengeneza kanga yake nyekundu kichwani, mpya, bado ngumu ya dukani, akamtazama toka kiatu hadi nywele.

"Kuku wangu wote wana mume," akasema. "Kasoro mwenye kuku."

Huyo ndiye Somoe, miaka ishirini na minne, ameachika mara moja na kuapa inatosha. Alikaa Magomeni, mtaa wa papo hapo Mtwara, kwa shangazi yake, Bi Mwanakombo, pamoja na kuku thelathini. Kijana ni Isihaka, mtu wa Pangani, mtafiti wa damu katika maabara ya serikali. Hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Alikula amesimama, akalala redio ikiwa wazi ili chumbani pawe na sauti ya mtu. Upweke wa namna hiyo hauonekani barabarani, na watu hudhani mwenye koti jeupe hakosi kitu.

Mayai hayakuwa ya kula. Yakishaatamiwa siku chache kwenye sanduku lenye joto la taa, Isihaka alikata kidirisha kwenye ganda, na humo mishipa ya damu ilionekana imetandaa, myembamba mno. Juu yake aliweka tone la damu iliyoganda. Alitaka kujua jambo moja: damu ikiganda, inaziba jeraha tu, au inaita na mishipa mipya ije? Akipata jibu, huenda angejua kwa nini vidonda ndugu vya makuli wa bandarini vinakaa miaka havifungi.

Kila Jumamosi alinunua mayai. Ukafika wakati akaja hata alipokuwa nayo ya kutosha. Kisha simu ya maabara ikaanza kulia kila Jumatano adhuhuri, Somoe akipiga toka dukani kwa Ismaili.

"Maabara, halo."

"Nipe yule anayechungulia ndoa za kuku."

"Ndiye huyu. Umekula, mpenzi?"

"Mimi nimekula. Wewe je? Ukisema chai na mkate nakata simu."

"Chai na mkate."

Hakukata. Waliongea mpaka Ismaili akakohoa mara mbili. Siku hiyo Isihaka aliahidi kwamba Ramadhani ikiisha ataleta posa.

Sasa, miaka ile watu wazima walikuwa wakifundishwa kusoma, na Bi Mwanakombo, umri umekwenda, alikuwa amehitimu juzi tu. Alisoma kila kitu: vibao, magunia, karatasi za sabuni. Asubuhi moja alikwenda hospitali kwa ajili ya goti, akapita nyuma ya maabara penye shimo la taka. Akaona yai limeandikwa kwa penseli. Akaziunganisha herufi kwa sauti, kama alivyofundishwa: So, mo, e. Yai lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu mna damu. Mama wa watu akakaa chini palepale, goti likasahauliwa. Hakuna mwanamke wa pwani asiyejua yai lenye jina la mtu ni la kazi gani: ni la kumroga apende.

Jioni ile Somoe aliingia maabara bila hodi, yai limefungwa kwenye pindo la kanga.

"Huu mwandiko wako?"

"Wangu. Naandika jina ili nisiyachanganye mayai yako na ya wengine."

"Na humu umetia nini?"

Mwongo angejiokoa hapa. Isihaka hakuwa mwongo, wala hakuwa mwerevu wa maneno.

"Damu iliyoganda."

"Damu ya nani?"

"Yangu. Najichoma kidole. Nisingeweza kumsumbua mtu mwingine."

Somoe akaliweka yai mezani taratibu. "Damu yako, jina langu, ndani ya yai moja. Miezi mitano usingizi hauji kwa ajili yako, Isihaka. Nilidhani nakupenda."

"Unanipenda."

"Sijui. Hicho ndicho ulichoniibia. Sasa sijui."

Kesho yake Bi Mwanakombo akampeleka kijijini Ziwani kwa mganga, akazinguliwe, atolewe uchawi.

Isihaka alikwenda Magomeni shangazi aliporudi peke yake. Akapiga hodi mara tatu. Alisikia mwiko ukigonga sufuria ndani, na hapana aliyemjibu. Akarudi zake. Jumatano adhuhuri alikaa karibu na simu. Ilipolia, ni mtu aliyetaka majibu ya mkojo.

Wiki ya tatu alichungulia yai moja, lisiloandikwa jina la mtu, akaona alichokitafuta mwaka mzima: mishipa imepinda njia, imelifuata lile tone. "Imekuja," akasema kwa sauti. Akageuka amwambie mtu. Chumba kilikuwa na viti viwili na koti lake msumarini. Siku ile angetoa utafiti wote apate wa kumwambia.

Na Somoe je? Aliogeshwa maji ya majani asubuhi saba. Alikunywa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Alifukizwa mpaka macho yakavimba. Alitaka dawa ishike, na kila asubuhi aliogopa isije ikashika. Siku ya nane mganga akamwambia mwilini mwake hakuna cha mtu. Somoe hakuondoka. Alikaa Ziwani siku arobaini zaidi, akapalilia mihogo na watu asiowazoea, akijisikiliza kama mgonjwa anayengoja homa irudi.

Jumatano moja adhuhuri simu ikalia.

"Maabara, halo."

Ismaili akasikika akikohoa.

"Somoe?"

"Usinikatize, nikikatizwa nitalia. Wamenizingua siku saba. Mganga kasema nimetakasika. Nikangoja siku arobaini nyingine, nione kitakachobaki."

"Kimebaki nini?"

"Wewe. Nakupenda vilevile, Isihaka. Mwanzo nilikuwa na wa kumsingizia. Sasa sina. Ni mimi mwenyewe."

Isihaka akashika simu kwa mikono miwili. "Laiti ningejua uchawi, ningekurudisha siku ya kwanza. Nilikonda."

"Nyamaza, watu wanasikia. Shangazi hataki hata kukuona. Itatuchukua muda."

"Nitakuja kila siku mpaka achoke yeye. Somoe, utakubali nikuoe?"

Somoe akampa Ismaili kisogo. Mume wa kwanza alichaguliwa na baba yake. Huyu wa pili, kwa miezi, alidhani amechaguliwa na yai.

"Uliza tena," akasema. "Polepole. Nataka nijisikie nikijibu."

Isihaka akauliza tena, polepole, na Somoe akajisikia akisema ndiyo.