Bi Mdogo wa Karakana

Bandeji ilinukia marashi.

Mke aliinusa tena, akidhani pua imeanza kumfanyia mzaha. Mkono wa mumewe ulipaswa kunuka dawa na damu, maana msumeno wa karakana ya mbao ulikuwa umeondoka na kidole chake cha pete, pamoja na pete yenyewe. Lakini hayakuwa makosa. Ni marashi ya kike, mazito, ya mwanamke anayetaka ijulikane kwamba alikuwepo.

"Nani kakufunga hii?"

"Si wewe, asubuhi?" mume akajibu, macho ukutani.

Kweli alikuwa yeye. Wivu ukampanda hata hivyo, na chai aliyomwandalia akainywa mwenyewe.

Hakuwa mtu wa kulala na jambo. Tajiri wa karakana alikuwa ametuma maneno kwamba ajali ni uzembe wa fundi, fidia hakuna, na akitaka kazi arudi na mkono uliobaki. Arudi! Kwenye mashine ileile! Mke akaenda ofisi ya kazi, akasema mpaka wakamsikiliza, na haikupita wiki akawa amesimama karakanani mchana kweupe, mumewe kushoto, kulia mkaguzi wa usalama, mama mfupi mwenye kofia ngumu na uso usiocheka ovyo.

"Bwana Harusi huyo!" mafundi walipiga kelele walipomwona mwenzao.

Mke akatabasamu kidogo. Miaka yote alijua jina hilo la utani linamhusu yeye.

Mkaguzi aliinama kwenye msumeno wa meza, akapitisha kidole kwenye matundu ya skrubu. "Kinga ya kufunika meno iko wapi?"

Tajiri akajikuna kidevu. "Mama, nikikwambia utanicheka. Jioni tunaifunga, asubuhi tunaikuta sakafuni. Mashine hii ina jini. Sasa jini akimkata mtu, mimi nahusikaje?"

"Jini hakusajiliwa hapa. Aliyesajiliwa ni wewe. Uliona kinga imetoka, ukaacha watu wafanye kazi. Fidia utalipa wewe, na mashine hii naifunga leo."

Mke nusura apige makofi. Hapo ndipo fundi mmoja, mtu wa maneno mengi, alipochekea kiganjani. "Si jini, ni bi mdogo wake! Siku mashine inaletwa, aliipapasa akatangaza mbele yetu, 'Huyu nimemuoa mimi, asiguswe na mtu.' Ndiyo tukamwita Bwana Harusi."

Tabasamu la mke likakauka. "Ulisema hivyo?"

"Ulikuwa utani, mke wangu." Mume alishusha sauti mpaka ikabidi asogelewe. "Yeye hakuchukulia utani. Kinga naitoa mimi. Huwa naingia wa kwanza, namsikia analia, hapendi kufunikwa uso. Siku ile ya ajali aliniuliza pete ni ya nani."

"Ukamjibu nini?"

"Nilinyamaza."

Kunyamaza huko kulimchoma mke kuliko habari yote ya kidole. Angesema tu, ya mke wangu. Maneno matatu yangemshinda nini?

"Mmesikia!" tajiri akadakia. "Kaitoa mwenyewe!"

"Na wewe ulikuwa unaiona sakafuni kila siku," mkaguzi akasema. "Hakijabadilika kitu."

Akaenda kwenye swichi kuu, akaishusha, akapitisha kufuli na lakiri nyekundu. Taa zikazimika, feni zikasimama, ikabaki sauti ya watu kupumua na unga wa mbao ukielea kwenye mwanga wa madirisha.

Msumeno ukaanza kuzunguka.

Ulianza polepole, jino moja moja likionekana, kisha meno yakapotea kwenye mng'aro, na hakukuwa na ngurumo ya mota wala mtikisiko wa mkanda, ila sauti nyembamba ya mwanamke anayevuta pumzi kabla ya kulia, na marashi yakajaa karakana nzima mpaka mafundi wakaziba pua na kurudi nyuma wakikanyagana, na tajiri aliyekuwa akimtaja jini kama mtu anayejitetea kwa wakili akakimbilia nje akiacha kiatu, na mume, taratibu, akanyoosha ule mkono wake mzima na kuanza kutembea kuelekea mezani.

Mke akamkamata shati kwa mikono yote miwili. "Unakwenda wapi? Baba watoto, unakwenda wapi?"

"Ananiita."

"Mimi sikuiti?"

Mkaguzi akajaribu mzaha, huenda ili asikie sauti yake mwenyewe. "Kama ni ndoa, si amwache? Mashahidi tupo."

Hakuna aliyecheka. Mke ndiye aliyelidaka neno hilo akaling'ang'ania. "Mwache! Ulimuoa kwa mdomo, mwache kwa mdomo, sasa hivi, mbele yetu. Mwambie asikie."

Mume akasimama. Machozi yalikuwa yakimtoka. Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtoto aliyekubali kosa, na msumeno nao ukapunguza mwendo, ukapunguza tena, hadi meno yakaanza kuonekana, na kila aliyekuwa mle ndani akajua kwamba unasikiliza, na mke akamvuta mumewe kwa nguvu zote akimwomba moyoni asinyamaze kama alivyonyamaza siku ile.

Hakunyamaza.

"Nimekuacha," alisema.

Alikuwa amegeuka, anamtazama mkewe.

Msumeno ukatulia kimya. Mume akashika vidole vya mke vilivyong'ang'ania shati lake, akavibandua kimoja kimoja, kwa upole, kama anavyobandua mtu asiyetaka kumuumiza mgeni.