Waya wa Kijani Uliokatwa Rhonda

Jumamosi hiyo nyumba ya Jerop, mtaani Rhonda, ilikuwa na amani. Mashine yake ya leza ilikuwa ikichonga majina ya wahitimu kwenye vibao vya mbao, na mama mkwe wake, Wangechi, alikuwa ameshuka kutoka Dundori na viazi. Chai ilikuwa mezani. Ghafla mashine ikazimika.

Kilichoungua ni pawasaplai ndogo, kile kisanduku kinachopunguza stima ya ukutani iwe volti ishirini na nne za kuzungusha mota. Jerop alitaka kumngoja Makokha, fundi aliyeiunganisha mashine tangu mwanzo, lakini huyo alikuwa Rongai hadi Jumatatu. Waithaka, mumewe, hakuwa na subira. Akamwita rafiki yake Kamande, fundi wa redio.

Kamande akafunga kisanduku kingine, cha bei ya chini. Waya wa kijani haukufika mahali pake. Akaukata, akauzungushia tepu.

"Huo si ndio waya wa ardhi?" Jerop akauliza.

"Hii ni volti ishirini na nne tu, mathe. Haiui hata nzi."

"Hizo ni zinazotoka. Zinazoingia ni za ukutani, na mwili wa mashine ni chuma."

Waithaka akamkatiza. "Wewe kazi yako ni kuchora maua. Mwache fundi."

Mashine ikawaka, wanaume wakacheka. Jirani zangu, kicheko hicho mnakijua. Kiko majumbani mwenu.

Jumapili, baada ya ibada, Wangechi alichukua kitambaa chenye maji apanguse vumbi kwenye mashine. Mkono ukanasa. Hakupiga kelele, alitetemeka tu, macho wazi. Waithaka akaruka kumshika. Jerop akamsukuma mumewe kando kwa nguvu asinaswe naye, akachomoa plagi. Mama akaanguka.

Hakufa. Lakini vidole viwili vya mkono uliokama ng'ombe miaka arobaini viliungua, vikakatwa hospitalini.

Makokha aliporudi alifungua mashine na kuipima. Kisanduku kile kilikuwa kinavujisha stima kwenye chuma. Kama waya wa ardhi ungekuwepo, stima ingejikata yenyewe kabla ya mtu kugusa.

Jerop aliwaita Waithaka na Kamande, akauweka ule waya uliokatwa mbele yao.

"Kamande, nilipokuuliza, ulikuwa unajua jibu?"

Kamande akatazama sakafu. "Sikujua."

"Sasa ulicheka nini?"

Waithaka akaanza kuomba msamaha.

"Usiniombe mimi," Jerop akasema. "Nenda wodini umwambie mama kwamba nilisema kuhusu waya, na ukanicheka."

Waithaka akaenda, akamwambia yote. Wangechi alimsikiliza hadi mwisho, mkono umefungwa bandeji.

"Ng'ombe wangu utawakama wewe," akasema. "Kila asubuhi, Dundori. Mpaka nikwambie uache."

FUNZO

Kifaa kinachotoa volti chache bado kinaingiza stima inayoua. Chomoa plagi kabla ya kufungua au kupangusa, usikate waya wa ardhi hata kama mashine inawaka bila huo, na mngoje anayeijua kazi. Nanyi mnaocheka mwanamke akiuliza kuhusu mashine yake mwenyewe, mjibuni. Kama hamna jibu, wekeni bisibisi chini.