Aliyelikwangua Jiwe la Kisiwani

Umewahi kuona watu wazima wamelizunguka jiwe kama wafiwa, na siku hiyo hajafa mtu? Ndivyo Mpelelezi, mama wa makamo, alivyowakuta asubuhi ile katika chumba cha vielelezo cha Ofisi ya Mipaka: Mkurugenzi kashika kiuno, mlinzi kajishika kichwa, na jiwe la kaburi limelazwa mezani juu ya blanketi, uso wake umekwanguliwa.

Jiwe lilitoka kwenye kisiwa ambacho nchi mbili zilikuwa zikikigombania, pamoja na bahari yake na samaki wake. Lilionyesha kwamba watu wa upande huu walizikana pale kabla upande wa pili haujapachora kwenye ramani. Kesi ilikuwa wiki inayofuata.

"Ni yule mwanasheria wao," alisema Mkurugenzi. "Jana mchana alikuja kulikagua. Andika hivyo, Mama, nipige simu juu. Wanasubiri neno moja tu waamuru boti za vita zisogee."

Mpelelezi hakuandika. Kitinda mimba wake alikuwa baharia kwenye boti ya mbele kabisa. Neno hilo likiandikwa, risasi ya kwanza ingemkuta yeye.

"Nani mwingine aliingia?" alimuuliza mlinzi.

"Mwanasheria nilisimama naye kama kivuli chake. Hata kukohoa alikohoa kwa ruhusa yangu. Baadaye akaja Bibi, kama kawaida. Huyo simsimamii, jiwe ni la mama yake."

"Ulimwacha peke yake?"

"Nilishuka kuchukua chai. Ukitaka kunifunga kwa sababu ya chai, nifunge, lakini mikono hii haijui kazi zaidi ya kufungua milango."

Bibi huyo alikuwa mshonaji, mzaliwa wa kisiwani, na ndiye shahidi wa pekee wa kulitambua jiwe.

Mpelelezi akainama, akavaa miwani. Palipokuwa na jina la marehemu pamekuwa laini kama kiganja. Chini yake, mwaka wa kufa ulikuwa mzima, tarakimu zote nne. Sakafuni hapakuwa na vumbi. Ukingoni mwa meza aliona tope jeupe, limekauka.

"Bwana Mkurugenzi, mahakama inataka nini hapa, jina au mwaka?"

"Mwaka. Jina la nini?"

"Basi huyu ni adui gani, anahangaika na jina refu lote anatuachia mwaka?"

"Labda alikosa muda."

"Mwenye haraka angeanza na kifupi."

Mkurugenzi akalisogelea jiwe.

"Tena alikwangua kwa maji," Mpelelezi aliendelea, akiligusa lile tope. "Angekwangua pakavu, hapa tungekanyaga unga."

Walipotoka, Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi la ukumbini akisubiri kuitwa, mfuko wa kushonea mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba nione mkasi wako." Mkasi ulikuwa unang'aa. "Unaunoa kwa kitu gani?"

Bibi aliingiza mkono mfukoni taratibu, akatoa kinoo. Vitundu vyake vilijaa weupe.

"Kwa hiki, na maji kidogo. Kikiwa kikavu kinakula chuma."

"Na jiwe?"

"Jiwe la kule ni laini. Halikunisumbua."

"Bibi," alisema Mkurugenzi, "unajua ulitaka kutupiganisha?"

"Mlishaanza, baba, tena kwa jina la mama yangu. Mmeliandika ubavuni mwa boti, karibu na mzinga. Redio inalitaja asubuhi na jioni, utadhani yeye ndiye aliyewatuma. Mama alikuwa akifuga kuku. Hata radi alikuwa akiiogopa."

Mpelelezi aliijua boti hiyo. Jina hilo alilisoma kwenye kofia ya mwanawe, katika picha aliyotumiwa.

"Mwanangu yumo humo, Bibi. Angekamatwa yule mwanasheria, wangeanza kurushiana risasi."

"Hilo halikunijia. Nilikuwa namfikiria mama tu. Nisamehe."

Sasa Mpelelezi akaandika, mistari michache, akampa Mkurugenzi karatasi. "Piga simu juu. Waambie aliyekwangua ni wa kwetu, na mwaka upo."

Mkurugenzi akaisoma mara mbili, akaenda kwenye simu akiburuta miguu. Mpelelezi akaketi benchini, kando ya Bibi.

"Tangu waanze kukuita hapa, wamekuuliza nini?"

"Kama hili ndilo jiwe. Kila nikija, kama hili ndilo."

"Mimi nakuuliza, ulikuwa unataka nini?"

Bibi alikunja mfuko wake, akaukunjua, akaukunja tena.

"Nilitaka mnipe boti siku moja, hata mbovu. Nimrudishie mama jiwe lake kichwani, nimfagilie, nikae naye mpaka jua lipungue. Halafu hicho kisiwa mkigombanie tu."