Ramani ya Chiriku

Kila asubuhi Chiriku alifagia darasa pamoja na wenzake sita. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wote wa kisiwa, kwa maana kisiwa chenyewe kilikuwa na nyumba kumi na moja tu. Jina la Chiriku alipachikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja mwalimu alimpa kazi ya kuchora ramani ya kisiwa.

"Tembea njia zote, kisha uchore ulichokiona," alimwagiza.

Chiriku alichora gati, kisima na zizi la mbuzi. Ng'ambo ya kilima hakufika. Jua lilikuwa kali, na huko aliishi mtu mmoja tu, mzee mfuga nyuki. Akaketi kivulini, akapiga mstari ulionyooka kutoka kisimani hadi kwa mzee. Ramani ikapendeza, ikabandikwa ukutani.

Wiki iliyofuata boti ilimleta muuguzi mgeni, aje kusafisha kidonda cha mfuga nyuki na kuondoka kabla maji hayajatoka na boti kukwama. Mwalimu akabandua ramani, akampa.

"Fuata hii, dada. Hutapotea."

Chiriku aliitazama ramani ikitoka mlangoni. Somo likaendelea, lakini hakusikia neno. Mwishowe akasimama.

"Mwalimu, ile njia sikuitembea. Niliibuni."

"Kimbia kwa bibi yako, yeye anazijua njia zote," mwalimu alisema. "Mmuwahi muuguzi."

Bibi aliacha mbuzi wake bila kuuliza mara mbili. Walimkuta muuguzi ameketi ukingoni mwa jabali, goti limechubuka, sanduku la dawa kifuani. Chini yake mawimbi yalipiga mawe.

"Njia imeniishia," alisema kwa sauti ndogo.

"Pole, mwanangu. Hapa tunapaita Rudinyuma," bibi alimjibu. "Waliotutangulia hawakutoa majina kwa mapambo."

Akawapitisha njia ya bondeni. Kidonda kikasafishwa, na muuguzi akaiwahi boti huku nahodha akinung'unika.

Walipokuwa wakirudi, Chiriku alitembea kichwa chini.

"Bibi, nilidhani wakiona nimeacha nafasi tupu watanicheka."

"Wangekucheka, yakaisha," bibi alisema. "Kutojua si aibu, mjukuu wangu. Ungeacha tupu, mgeni angeuliza njia. Ulipojaza uongo, hakuona haja ya kuuliza. Ila umesema kweli kabla hajaanguka, na kwa hilo nakushukuru. Kesho tutaitembea njia hiyo sote, hatua kwa hatua. Uje na penseli."