Asubuhi Kuna Mtu Alilitoa Jibu Lako

"Ukaziweka funguo mezani?" Madame Spès aliuliza, na kalamu yake ikasimama.

"Ndiyo, Madame," Houda akajibu. "Funguo za kamioneti yetu, gari letu la mikate. Nikamwambia mzee, kama huniamini, kaa nazo wewe."

Madame Spès akamgeukia mwenzake, Monsieur Léonce. Wawili hao walitoka Nairobi, kwenye chuo kimoja cha biashara, wakakodi chumba cha mikutano pale Kigobe, Bujumbura, ili kuwahoji waombaji wa nafasi za masomo. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanamwendea Houda vizuri. Walimwuliza: tueleze siku uliyowashawishi watu waliokukataa. Swali lenyewe alikuwa analisubiri kwa hamu. Akawasimulia jinsi mafuta ya gari yalivyoadimika mjini, mikate ya tanuri la ami yake ikabaki imelala kwenye makreti, naye akawaendea wenye matanuri wengine, mahasimu wa ami tangu zamani, kuwaomba wachangie mafuta na gari moja lisambaze mikate ya wote. Mzee mmoja alimfukuza. Akarudi, akafukuzwa tena. Aliporudi tena ndipo akaziweka zile funguo.

"Mademoiselle," Monsieur Léonce akasema taratibu, "asubuhi kuna mtu aliketi kwenye kiti hicho hicho. Yeye alisema vipuri vya magari, wewe unasema mikate. Lakini mahasimu, mafuta, mzee anayefukuza, funguo mezani, vyote ni vile vile. Tumwamini nani?"

Houda hakuhitaji kutajiwa jina. Asubuhi aliingia Tamim, mchumba wake, mtoto wa mwenye duka la vipuri.

Kwa sura Tamim alikuwa mzuri, tusimnyime haki yake, na mdomo wake ulikuwa mtamu pia. Kisa cha funguo Houda alimsimulia walipokuwa wakijizoeza maswali barazani kwa ami. Ilipofika zamu yake ya kujibu, Tamim alicheka tu: "Mi nitaona mbele, chérie." Kumbe mbele yenyewe ndiyo hii.

Houda angeweza kumtaja pale pale. Lakini Ami Moosa, aliyemlea tangu baba yake afariki, alikubali aende Nairobi kwa sharti moja: aende na mume. Chuo kikimkataa Tamim, hakuna safari. Na yeye akinyamaza, basi mwongo ni yeye.

"Kisa ni changu," akasema. "Aliyekisema asubuhi alikisikia kwangu. Jina lake sitalitaja."

"Una ushahidi?"

"Leo sina."

Madame Spès akavua miwani. "Basi tueleze siku uliyotendewa ubaya na mtu unayemwamini. Ulifanya nini?"

"Ni leo, Madame," Houda akajibu. "Bado sijafanya kitu."

Madame Spès akavaa tena miwani, akasema, "Tuko hapa mpaka kesho mchana."

Nje, Tamim alikuwa anamngoja kando ya gari la baba yake, meno yote nje.

"Ilienda je?"

"Wamesema funguo zilifika asubuhi."

Tabasamu likamtoka.

"Houda, nisikilize."

"Nakusikiliza."

"Waliniuliza ile swali, nikatafuta mu kichwa, nikakosa. Mi tangu nazaliwa, baba anasema uza, nauza. Anasema funga, nafunga. Sijawai kumubishia mutu. Nikaogopa, nikasema yako."

"Ungewaambia vile unaniambia mi."

"Wangenicheka." Akatazama mlango wa ukumbi. "Ulinitaja?"

Hapo ndipo palipomuuma Houda kuliko wizi wenyewe. Hakuulizwa yuko je. Hakuulizwa wamemfanya nini.

"Apana. Sikukutaja."

Tamim akashusha pumzi. "Asante. Basi tunyamaze. Wakinikata mi, ami yako hatakuacha wende. Tuko mu kitu kimoja, Houda."

"Hiyo ni kunilinda ao ni kunifunga?"

Tamim akafungua mlango wa gari. "Panda, tutaongea."

"Nitatembea."

Akapandisha kwa miguu mpaka Gihosha, nyumbani kwa ami, kwa vile viatu vya mahojiano. Njiani simu ikalia. Ujumbe:

"Nakupenda sana. Nyamaza tu, tutafika wote."

Aliusoma mara nyingi. Kilichomchoma ni kwamba yale maneno mawili ya kwanza aliyaamini.

Baada ya maghribi alimkuta Ami Moosa sebuleni, tasbihi mkononi.

"Ami, niko na neno."

"Sema, binti yangu."

Akasema yote. Alipomaliza, mzee alichukua simu. "Tamim, kuja hapa nyumbani. Ndiyo, sasa ivi."

Tamim alikuja, akakaa ukingoni mwa mkeka. Houda alijua anaweza kukana. Hakukuwa na shahidi, na mdomo ule ungeweza kumgeuza ami dakika moja tu.

"Ulichukua maneno ya mutoto wangu, ukasema ni yako?"

Tamim akamtazama Houda, kisha akatazama mkeka.

"Ni kweli, ami."

Ami Moosa akatikisa kichwa. "Basi Nairobi imekwisha. Nilisema uende na bwana juu ya nini, Houda? Juu watu wasikudanganye. Mutoto mwanamuke, peke yake, mu muji wa wengine."

"Ami, unisamehe," Houda akasema. "Sijafika Nairobi. Nimedanganywa hapa Bujumbura, na mutu mulinipa anilinde."

Vidole vya mzee vikasimama kwenye tasbihi. Akamgeukia Tamim.

"Kesho utaenda kule Kigobe, utasema vile umesema hapa."

"Nitaenda, ami."

"Na ndoa?" Mzee aliuliza, na aliyemtazama ni Houda. Ndoa ile ilikuwa imezungumzwa na wazee wa pande zote, mahari, siku, mpaka nyama. Yeye mwenyewe hakuwa ameulizwa namna ile, ana kwa ana.

"Nampenda, ami. Sitakuficha. Lakini siwezi kulala karibu na mutu nikiwa nachunga maneno yangu."

"Nipe muda, Houda," Tamim akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Nitabadirika."

"Badirika, Tamim. Lakini usinihesabu mi."

Ami Moosa hakusema safari ipo wala haipo. Alisimama, akaenda kuswali isha.

Kesho yake, karibu na adhuhuri, Houda alikuwa kwenye ofisi ndogo nyuma ya tanuri. Ujumbe ukaingia:

"Nimewaambia yote. Wamenifuta. Madame atakupigia. Sikuombi kitu."

Akalia. Alilia kama mtu aliyefiwa, na kusema kweli alikuwa amefiwa. Akaandika "Asante", akaituma, akaweka simu kifudifudi mezani.

Ami Moosa alikuwa mlangoni, amejaa unga mpaka kwenye viwiko. "Ni ye?"

"Ni ye, ami."

Simu ikalia tena. Houda akafuta uso kwa mtandio, akapokea.

"Mademoiselle Houda," ilikuwa sauti ya Madame Spès, "nafasi ni yako. Hongera. Jambo moja tu: uliandika kwamba utakuja na mume. Tukuandalie chumba cha watu wangapi?"

Houda akamtazama ami yake. Sauti ya yule mama ilikuwa kubwa, na mzee alikuwa amesikia kila neno.

"Mujibu," Ami Moosa akasema. "Anakungoja."

"Cha mtu mmoja, Madame."