Balbu ya Mama Mkwe

Jioni hiyo Nasike alikuwa ametoka tu kununua maziwa. Aliporudi nyumbani kwake Kibomet, mtaani Kitale, alimkuta mama mkwe wake, Sellah, amepanda kiti chumbani kwa mtoto, Joy, akifunga balbu mpya.

“Hii inakula stima kidogo,” alisema Sellah. Alikuwa amekuja kutoka Bungoma kusaidia kumlea mjukuu.

Wakati wa kulala, Nasike alizima swichi.

Balbu haikuzimika.

Ilififia... ikawaka. Ikafifia tena... Ilivuma kama mbu, na harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumbani.

“Mama,” Joy alinong'ona, “nani anapumua huko juu?”

Nasike aliipiga kwa ufagio. Ikapasukia kitandani. Alikung'uta blanketi mle mle, madirisha yamefungwa, akamlaza mtoto tena.

Asubuhi Joy alikuwa akikohoa na kutapika.

“Ni wewe!” Nasike alimwambia mama mkwe. “Umeniletea uchawi kwa nyumba.”

Sellah alimtazama mwanawe, Mukhwana, amtetee. Mukhwana akainama, akafunga kamba za viatu. Sellah akaondoka bila hata chai.

Kwenye zahanati, muuguzi alisikiliza, akatikisa kichwa. “Balbu hizo ziko na zebaki ndani, ni sumu. Ikivunjika mnatoka, mnafungua madirisha. Si kukung'uta.”

Na kule kuwaka? Fundi Kipkirui alifungua swichi, akacheka. Nyaya zilifungwa kinyume, stima ikawa inavuja kidogo kidogo.

“Uchawi gani, bana?”

Joy alipona. Nasike hakujua aweke wapi uso wake.

Siku ya tatu, magharibi, alijikaza akampigia Sellah simu. Ilipokelewa mara moja.

“Mama, nisamehe. Ulifika salama?”

Pumzi tu...

“Nilifika,” Sellah alinong'ona. “Huku hakuna taa, mama. Hata ile ndogo.”

Ikakatika.

Mukhwana aliingia, macho mekundu. Alikuwa ameshinda akimtafuta mamake.

“Hakufika Bungoma,” alisema. “Alianguka hapa hapa Kitale, kwenye steji ya matatu, siku ile ile tuliyomfukuza. Siku zote hizi yuko mochari. Hakuna aliyemjua jina.”

Akaweka simu ya mama mezani. Kioo kilikuwa kimepondeka, na mahali pa betri palikuwa patupu.

“Ulikuwa unaongea na nani?” aliuliza.

“Na mama,” Nasike alijibu.

Mukhwana akadhani ni mama mzazi wa Nasike. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwambia Joy.